Saa ya Bwana Kaijage

Siku yangu ya kwanza kwenye ufundi wa saa sikugusa saa. Mzee Bwire alichukua skrubu moja ndogo kuliko punje ya ulezi, akaidondosha sakafuni makusudi, akanipa kitambaa cheupe na tochi, kisha akarudi mezani kwake kuendelea na kazi. Nilipiga magoti asubuhi yote. Muda wa chakula ulipokaribia niliipata, na nikapata nyingine ambazo yeye mwenyewe hakujua kama ziko pale, pamoja na hereni ya mtu. Alizitazama zote, akaiweka hereni dirishani ili mwenyewe akipita aione, akaniambia nirudi kesho.

Neema na Masunga, ninyi mliochukua meza yangu, mmeniuliza mara nyingi nilianzaje kazi hii, na kila mara niliwajibu kwa kifupi kwa sababu kulikuwa na mteja anasubiri. Sasa sina mteja. Nitaeleza kwa nafasi, ingawa sehemu kubwa itakwenda kwa saa moja tu, maana ndiyo iliyonifanya fundi na nusura inifanye mahabusu.

Kabla ya hapo nilikuwa kiwanda cha nguo. Kazi yangu ilikuwa kutunza vile vihesabio vilivyofungwa kwenye mitambo kupima urefu wa kitambaa. Ni vitu vya magurudumu madogo madogo, na wanaume hawakuvipenda kwa sababu vidole vyao havikuingia. Kisha ukaja wakati wa ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa. Nguo za mitumba zikajaa kila kona, kiwanda kikaanza kupunguza watu, nasi wa vihesabio tukawa wa kwanza kutoka, maana kitambaa chenyewe cha kuhesabu kilikuwa hakuna. Nilikuwa na mtoto wa kike aliyekuwa akilelewa na mama yangu Misungwi, na sikutaka kurudi huko na begi langu kabla sijajua nitaishije.

Duka la Mzee Bwire lilikuwa karibu na Makoroboi, hapa Mwanza, chumba chembamba chenye dirisha kubwa upande wa barabara. Nilikuwa napita tu. Nilimwona mzee mwenye lenzi jichoni anajaribu kuokota springi kwa kibanio, mkono unatetemeka, springi inamponyoka. Nikasimama. Akajaribu tena, ikamponyoka. Nilimwambia kupitia dirishani kwamba naweza kumshikia. Hakuuliza mimi ni nani. Alisema, "Ingia, lakini usipumue juu yake." Kesho yake ndipo akanidondoshea ile skrubu.

Mzee Bwire alikuwa Mjita wa upande wa Musoma. Alijifunza kazi kwa Mhindi mmoja mwenye duka ambaye baadaye alihama nchi akamwachia meza na vifaa. Macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu, ila mikono ilikuwa imeanza kumsaliti, na nadhani alikuwa ameificha habari hiyo hata kwa mke wake. Mimi aliniita Rejina, kwa kuukaza ule mwanzo wa jina, wakati kwetu tangu nizaliwe nilikuwa Legina. Nilizoea yote mawili.

Aliyonifundisha mengi mnayajua kwa sababu nimewapigia nayo kelele. Mafuta ni tone moja, kwa ncha ya sindano, na tone likiwa kubwa futa uanze upya. Matundu ya kwenye mashine yasafishwe kwa kijiti cha mti kilichochongwa, si kwa chuma. Saa ikiwa wazi na ukaitwa nje, ifunike kwa glasi ya kunywea maji iliyopinduliwa, hata kama aliyekuita ni askofu. Akinieleza jambo aliliongea mara moja tu. Nikikosea hakugomba, aliondoa kile kitu mbele yangu akakifanya yeye, taratibu, kwa ile mikono yake inayotetemeka, hadi niombe radhi.

Wakati huo saa za betri zilikuwa zimeanza kumwagwa mitaani. Machinga walizitandaza kwenye maturubai, za kila rangi, nyingine zenye taa na muziki. Mtu alinunua moja, ikifa anaitupa. Waliobaki kuja kwetu walikuwa wazee wenye saa za kutia ufunguo, na wachache wenye za otomatiki, zile zinazojitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono. Ndani zina kipande cha chuma kama nusu mwezi, nacho ukitembea kinazunguka na kukaza springi. Mzee Bwire alizipenda kuliko zote. Aliniambia kwamba saa ya otomatiki inamtaka mwenyewe awe hai, na awe anafanya kazi.

Kisha wakaanza kuja wanunuzi kutoka nje kutafuta hizo hizo za zamani. Mwanzoni tulicheka. Kwa miaka mingi tulikuwa tunasugua saa za watu ziwake kama vijiko, na tukipaka rangi mpya kwenye namba zilizofifia, tukidhani tunawafanyia wema. Wanunuzi hawa walitaka mikwaruzo ibaki ilivyo na namba zibaki zimefifia, mradi kila kipande kiwe kile kile kilichotoka nacho kiwandani. Mzee Bwire alisikiliza maelezo hayo, akaifungia kabatini ile dawa yetu ya kung'arishia, na sikuiona tena.

Ndipo akaja Bwana Kaijage.

Alikuwa Mhaya, mstaafu wa idara ya kilimo aliyefanya kazi ya kahawa karibu maisha yake yote. Baada ya kustaafu alinunua kiwanja Kiseke, wakati huo kukiwa bado na mawe na vichaka zaidi ya nyumba, akawa anajenga. Alizungumza kwa utulivu, shati lake limepigwa pasi hadi mikono. Saa yake aliinunua Ulaya alipopelekwa masomoni akiwa kijana, na aliitunza namna ambayo sijaona mtu mwingine akitunza kitu. Boksi lake lilikuwapo. Mkanda wa kwanza ulikuwapo, umekunjwa kwenye karatasi. Uso wa saa ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, hauna doa. Kwa nje ilikuwa na mikwaruzo michache ya mtu anayeishi vizuri na vitu vyake.

Mnunuzi mmoja kutoka Nairobi, Bwana Karim, aliyekuwa akifika Mwanza kwa shughuli za viwanda vya samaki, alikuwa ameiona mkononi mwake akaipenda. Walikubaliana kwamba isafishwe kwanza, naye akirudi safari inayofuata ataifungua, na akiridhika ataichukua. Bwana Kaijage alitaka kumaliza paa. Alituambia hivyo hivyo bila kuficha, kisha akasema kwamba saa hii haijawahi kufunguliwa na mtu tangu aliponunua. Alisema kwa fahari, na nilimwamini, maana alikuwa mtu wa kuaminika.

Siku aliyoileta, Mzee Bwire ndiye aliyeipokea. Kesho yake malaria ikamlaza. Alinitumia ujumbe kwamba niifanye mimi, na kwamba ameshaniona nikifanya ngumu kuliko hiyo, jambo ambalo halikuwa kweli. Ilikuwa otomatiki yangu ya kwanza kuifungua peke yangu. Nilifunga mlango nusu, nikanawa mikono kama daktari. Ndani ilikuwa safi, imechoka kidogo tu mafuta yake. Niliona kwamba skrubu iliyoshika ule nusu mwezi ilikuwa na alama ya bisibisi iliyoteleza. Nikajua kuna mtu aliwahi kuifungua. Sikulitia maanani, kwa sababu karibu kila mwenye saa husema yake haijafunguliwa, kama ambavyo kila mtu husema hakoromi. Nikaisafisha, nikaipaka mafuta, nikaifunga. Ilitembea vizuri kiasi kwamba nilikaa nikaisikiliza kwa raha tu.

Bwana Kaijage alikuja kuichukua pamoja na mkewe, Mama Koku, mama mrefu mwembamba aliyekuwa muuguzi. Yeye alibaki mlangoni na kikapu chake. Mumewe aliiweka saa sikioni, akatabasamu, akanishukuru. Mama Koku alikuwa anatazama barabarani.

Siku chache baadaye alirudi peke yake, na hakukaa kwenye kiti tulichompa. Bwana Karim alikuwa ameifungua saa mbele yake. Alisema mashine iliyomo si yake. Saa ya aina ile ilitoka kiwandani na mashine bora, yenye vijiwe vingi vyekundu vya kupunguza msuguano, na iliyomo ilikuwa ya kampuni ile ile lakini ya daraja la chini, ya saa ya bei nafuu. Kwa nje huwezi kujua. Bwana Karim alimrudishia kwa adabu, akamwambia pole.

Bwana Kaijage alimgeukia Mzee Bwire, ambaye alikuwa amerudi kazini siku hiyo hiyo, bado macho yana manjano. Alisema saa yake imekaa naye tangu ujana, haikuwahi kutoka mikononi mwake kwenda kwa fundi yeyote, imefika hapa, na imetoka hapa na mashine nyingine. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Nilijieleza. Nikasema na ile alama niliyoiona kwenye skrubu, kwamba kuna mtu alishaifungua kabla yangu. Nilidhani itanisaidia. Bwana Kaijage alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, akauliza kama sasa namwambia kwamba yeye ni mwongo pia.

Mzee Bwire alinigeukia. "Rejina, uliyoikuta ndani ndiyo uliyoirudisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi."

Hakuniuliza tena, siku hiyo wala baadaye. Alimwambia Bwana Kaijage kwamba saa aliipokea yeye, kwa mikono yake, na duka ni lake, kwa hiyo kama kuna mwizi hapa basi ni yeye, asiangaliwe mtu mwingine. Bwana Kaijage alijibu kwamba ni mtu wa dini na hapendi kumfunga mzee mwenzake. Atatupa muda hadi Jumatatu turudishe mashine yake. Isiporudi ataenda polisi. Aliaga vizuri, akaondoka.

Nawaambia vijana, fundi saa akishaitwa mwizi amekwisha. Fundi baiskeli mtu anamtazama anavyofanya kazi. Sisi tunapewa kitu kimefungwa, tunakirudisha kimefungwa, na katikati hapo mtu hana alichonacho zaidi ya neno letu. Habari ilishafika mtaani kabla ya jioni. Mteja mmoja alikuja kuchukua saa yake ikiwa bado haijatengenezwa, akasema amebadili mawazo. Mwingine alimtuma mtoto.

Jumamosi sikwenda kazini. Nilikuwa na dada yangu ameolewa upande wa Sengerema, nikafunga nguo zangu chache nikapanda gari hadi Kigongo. Kivuko kilikuwa kinapakia. Nilisimama pale kwenye foleni ya watu wenye kuku na magunia ya dagaa, nauli mkononi, nikawa nawaza mambo mawili kwa zamu. La kwanza ni kwamba nikivuka, polisi hawatanipata kirahisi, na mwanangu hatasikia mama yake amelala rumande. La pili ni kwamba nikivuka, kila mtu atasema ndiye, na Mzee Bwire atabaki na maneno yake yale peke yake mbele ya askari. Kivuko kilipiga honi. Watu wakanipita pembeni. Sikuwa jasiri, nilikuwa tu siwezi kunyanyua mguu. Kilipoondoka nilikaa kwenye jiwe nikalia kidogo, nikanunua ndizi, nikapanda gari la kurudi Mwanza.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mzee Bwire ameshafungua, amevaa koti lake la kanisani. Meza ilikuwa safi, haina kazi juu yake. Tukakaa. Aliniambia nisiongee sana kituoni, nijibu nilichoulizwa tu. Nikasema sawa.

Aliyeingia alikuwa Mama Koku. Alikuwa na sare ya kazini na sweta juu yake, inaelekea alitoka zamu. Alimwamkia Mzee Bwire shikamoo, nami nikamwamkia yeye, akaitikia marahaba huku akinitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akatuomba tufunge duka tufuatane naye Kiseke. Mzee alimuuliza kama ameagizwa na mumewe. Alisema hapana.

"Nina neno la kusema, na nguvu ya kulisema ninayo mara moja tu. Nikilisema hapa, kule nitashindwa. Nisaidieni tufike kabla hajatoka nyumbani."

Tulikwenda. Tuliposhuka barabarani tulipanda kile kilima kwa miguu, Mama Koku mbele, Mzee Bwire akipumzika mara kwa mara kwa ajili ya ile malaria, mimi nikiwa katikati yao nisijue nimfuate nani. Nyumba ilikuwa ya matofali ya saruji, vyumba viwili vya nyuma vimeezekwa, sebule iko wazi juu. Bwana Kaijage alikuwa amekaa kwenye kiti ndani ya hiyo sebule isiyo na paa, anafunga kamba za viatu. Alipotuona na mkewe alisimama. Nadhani alifikiri tumekuja kumwomba na kwamba yeye ametuonea huruma akatuleta.

Mama Koku hakukaa. Alisema, "Baba Koku, hawa watu hawajachukua kitu. Mashine ya saa yako niliiharibu mimi."

Akasimulia akiwa amesimama vile vile. Miaka ya nyuma, wakiwa Bukoba, mumewe alikwenda tena masomoni kwa muda mrefu, akaiacha saa nyumbani akihofia wezi wa bwenini. Yeye alikuwa wodi ya wazazi, na saa yake ya kuhesabia mapigo ya moyo ilikuwa imekufa. Akaivaa ya mumewe. Siku moja aliirekebisha majira, akasahau kukirudisha ndani kile kifungo cha pembeni, na wakati huo huo akaletewa mama aliyezidiwa. Mtoto alitoka hapumui. Wakamfanyia kazi, maji ya moto, maji ya baridi, mikono ndani ya beseni hadi kiwiko. Mtoto akalia. Kwa furaha ile hakukumbuka saa. Aliifuta akairudisha kwenye boksi, na alipokuja kulifungua baada ya wiki kadhaa, kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani nayo haitembei.

Fundi wa Bukoba alimwambia mashine imekula kutu, haifai. Akamtafutia nyingine ya kampuni hiyo hiyo, ikaingia vizuri. Alilipa kwa akiba yake yote. Mumewe aliporudi aliivaa, ikatembea, hakugundua lolote. Na yeye hakusema siku ile, na kwa kuwa hakusema siku ile, kesho yake ikawa ngumu zaidi, na mwaka uliofuata ikawa haiwezekani.

"Kila ulipoisifu kwa wageni kwamba haijawahi kuguswa na fundi," alisema, "mimi nilikwenda jikoni."

Akafungua mkoba wake wa kazini akatoa kichupa cha dawa. Ndani yake, kwenye pamba, kulikuwa na mashine ya saa, imejaa kutu nyekundu. Fundi alimpa, na yeye alishindwa kuitupa. Aliiweka kwenye kiti alichokuwa amekalia mumewe.

Bwana Kaijage hakuigusa. Jua lilituwakia wote mle sebuleni. Kisha akanitazama mimi. Akasema, "Binti, wewe unazijua. Hebu iangalie hii."

Nilitoa lenzi yangu mfukoni. Kutu ilikuwa imeshika pembeni na kwenye springi, lakini katikati chuma kilikuwa bado kinaonekana, na vijiwe vyekundu vilikuwepo, vingi, kama Bwana Karim alivyosema. Jina la kampuni lilisomeka. Nilimweleza nilichokiona, nikampa Mzee Bwire naye akaangalia, akatikisa kichwa kukubali.

Sasa Bwana Kaijage alimgeukia mkewe. Nilitegemea atamgombeza, nikaanza kujiandaa kutoka nje. Alimuuliza swali moja.

"Uliniogopa kiasi hicho?"

Mama Koku alifikiri kabla ya kujibu. Alisema wakati ule, ndiyo. Mumewe alikuwa mkali wakati ule, na vitu vyake vilikuwa na sheria nyingi kuliko watoto. Baadaye hofu iliisha, hakumbuki lini, ikabaki aibu tu ya kuwa amenyamaza.

Bwana Kaijage aliinamisha kichwa. Alipokiinua alisema hajui kama angemsamehe wakati ule, na kwamba hilo ndilo linalomuuma, siyo saa. Akauliza kuhusu yule mtoto. Mama Koku akamwambia mtoto alikua, alimwona akipelekwa shule. Bwana Kaijage akaitikia, "Vizuri," na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. Akavuta kiti kingine, akampangusia mkewe vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni, akamwambia akae, ametoka zamu.

Kisha akaja mbele yangu. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nami sikuwa hata na kazi ya kuandikwa. Alisema amenikosea mbele ya mwajiri wangu na mbele ya mtaa, kwa hiyo hatatosheka kuniomba radhi hapa ndani, atakuja dukani aniombe radhi pale watu wanapopita. Nikasema yameisha, baba. Alisema hayajaisha, na kweli alikuja, siku mbili mfululizo, akakaa kwenye kiti cha dirishani anasoma gazeti lake ili aonekane.

Tulikunywa chai. Mama Koku alicheka kwa kitu kidogo tu, nadhani sukari ilimwagika, akacheka hadi akashika ubavu, na mumewe akawa anamtazama kama mtu anayeona kitu alichokuwa amekisahau.

Tulipokuwa tunateremka kilima, Mzee Bwire aliniomba tupumzike. Tukakaa kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi tangu asubuhi, nami nilidhani ni dawa. Aliufungua kutafuta leso. Ndani mlikuwa na shuka, sabuni, mswaki na kandambili.

Nikamuuliza kama anasafiri.

"Nilijua watamtaka mmoja wetu alale kule kituoni," alisema. "Wewe una mtoto."

Alifuta jasho, akaifunga leso vizuri, akairudisha juu ya shuka. Niliuchukua ule mfuko nikaubeba mimi hadi barabarani, na hadi leo sijabeba kitu chepesi kama kile.

Bwana Karim alipopita tena Mwanza, Bwana Kaijage alimweleza habari yote bila kupunguza. Mama Koku alikuwa amemwambia aiuze tu, amechoka kuisikia. Yule mnunuzi alifurahi kuliko mwanzo. Mashine yenye kutu kwa watu wa aina yake inarekebishika, kuna mafundi huko nje wanaofanya kazi hiyo kwa miezi, na saa iliyokutana tena na mashine yake wanaithamini. Aliichukua na kichupa chake, na pamba yake. Hakulipa walichokubaliana mwanzo, lakini sebule ya Kiseke ilipata bati. Bwana Kaijage akanunua saa ya betri kwa machinga, yenye mkanda wa plastiki, akaivaa na shati lake lile la pasi. Nilipomtania alisema anaipenda kwa sababu hana lolote la kuisemea.

Tangu siku ile tukawa tunafungua saa mbele ya mwenyewe. Mzee Bwire aliisogeza meza dirishani. Mteja anapewa lenzi, anaangalia mashine yake kabla hatujaigusa na anaiangalia tena siku ya kuichukua. Wengi hawaelewi wanachokiona, ila wanakwenda nyumbani wakiwa wameona. Mmekuwa mkinilalamikia kwamba inapoteza muda. Ni kweli inapoteza. Endeleeni kuupoteza.

Mzee aliendelea miaka michache, kisha mikono ikagoma kabisa akarudi kwao. Alinikabidhi ufunguo wa duka kama anavyokabidhi bisibisi, mpini ukielekea kwangu. Nilikuwa nikimtembelea na kumpelekea saa moja mbovu kila mara, nakaa naye nafanya kazi kwa mikono yangu na macho yake. Alipofariki nilikuwa na saa ya mtu mezani. Niliifunika kwa glasi, nikafunga duka, nikaenda kuzika.

Miaka iliyofuata mnaijua, mlikuwepo sehemu yake. Simu zikaja, watu wakaacha kuvaa saa, halafu wakaanza tena kuvaa kwa mapambo. Nilibadilisha betri nyingi kuliko nilivyotengeneza mashine. Sikulalamika, betri ndizo zilizomsomesha binti yangu.

Macho yalipoanza kuleta ukungu niliamua kuacha, lakini sikuacha siku ile. Nilikuwa na saa za watu kwenye droo, na sikutaka kuwaachia ninyi ahadi zangu. Niliacha kupokea mpya, nikawa nazimaliza zilizopo, natuma ujumbe kwa wenyewe, wanakuja mmoja mmoja. Ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja wa Ukerewe, ya kutia ufunguo, ndogo ya kike. Aliahidi kuja akaahirisha, akaahidi tena. Nikawa nafungua duka kila siku kwa ajili ya saa hiyo moja, nimekaa, naitazama inatembea.

Alikuja mchana mmoja na meli, amebeba maembe. Nilimpa lenzi. Aliangalia, akasema anaona vitu vinacheza. Akaivaa, akanishukuru, akaniachia embe moja, akaenda zake. Nikaivuta droo. Ilikuwa tupu hadi mwisho, mbao tu, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu hapakuwa na kitu cha mtu mikononi mwangu. Nilikwenda nyumbani nikiwa bado na ladha ya embe mdomoni, nikajilaza kitandani mchana ule ule, nikalala mpaka binti yangu akaja kuniamsha kwa chakula.